Kihamba si Shamba: Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Matumizi ya Ardhi Kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Bumu la field (posho ya mafunzo ya vitendo) likishatoka, stendi ya Moshi hupokea wanafunzi wa jiografia kutoka vyuo vya kila pembe. Utawajua kwa mabegi ya mgongoni na rundo la hojaji zilizopigwa kopi chuoni, kabla mwenye nazo hajaona hata mgomba mmoja. Nilikuwa mmoja wao. Nilijaza hojaji 60 katika kijiji kimoja upande wa Vunjo, na kila kaya nikauliza, "Mna shamba la ekari ngapi?" Hojaji ya 61 nikampata bibi mmoja akipukuchua maharage. Akanitazama, akaniuliza: "Mjukuu wangu, unauliza shamba au kihamba?"

Kihamba ni makazi na bustani ya ukoo huku juu mlimani, shamba ni ardhi ya chini tambarare. Zile 60 zote zilikuwa na majibu ya kitu kimoja huku mimi nikidhani nimeuliza vyote. Mwongozo huu nauandika ili wewe usirudie nyumba 60 kwa miguu kama nilivyorudia mimi.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka litoshe wiki tatu

"Athari za shughuli za binadamu kwa mazingira mkoani Kilimanjaro" ni mada ya maisha mazima. Mkoa una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, wilaya zake ni kuanzia Siha mpaka Same, na Same penyewe kuna milima ya Upare ambayo ina mambo yake. Chagua kijiji kimoja, au viwili vilivyo juu na chini ya mteremko mmoja, kisha uliza jambo ambalo mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole. Mifano:

Kaya zilizong'oa kahawa zimepanda nini mahali pake, na kwa sababu gani?
Mfereji wa asili fulani unahudumia vihamba vingapi leo, na zamu za maji zinapangwaje wakati wa kiangazi?
Majani ya ng'ombe wanaofugwa ndani yanatoka wapi, na yanasafiri umbali gani?

Hilo la tatu watu hulidharau, lakini ukilifuata utapata karibu jiografia yote ya mlima. Ng'ombe yuko bandani juu kwa sababu hakuna nafasi ya malisho, majani na mabua ya mahindi yanapandishwa kutoka tambarare, na samadi inabaki kwenye migomba ya juu. Maana yake rutuba ya chini inapandishwa mlimani kichwani mwa akina mama na nyuma ya pikapu.

Ukichagua kahawa, jua historia yake kabla hujafika. Chama cha wakulima kilianza mwaka 1925, kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933. Bei iliporomoka baada ya mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, na huku mashambani magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, yanadai dawa kila msimu. Mzee akikwambia "kahawa ilitusomesha", muulize ilimsomesha nani, mwaka gani. Hapo ndipo data ilipo.

Hatua ya 2: Fika kabla ya kuandika hojaji

Siku mbili zinatosha. Panda haisi mpaka mwisho wa njia, teremka kwa miguu, kunywa mtori kwenye kibanda, sikiliza. Usibebe hojaji siku hizo. Lengo ni kujua watu wa pale wanaviitaje vitu vyao: mfereji wanauitaje, ukanda wa chini wanauitaje, kipimo chao cha ardhi ni kipi.

Angalia kalenda pia. Masika, Machi mpaka Mei, udongo mwekundu unateleza kama sabuni na bodaboda wengi hawakubali kupanda. Kama lazima uende, nunua mabuti. Desemba ina mtego wake. Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingine, na kijiji kinajaa watu ambao mwezi Februari hawapo. Kwa utafiti wa urithi na migogoro ya mipaka, huo ndio wakati mzuri kuliko yote, maana wenye ardhi wote wapo na mazungumzo ya mipaka yanafanyika barazani. Kwa utafiti wa kaya na nguvu kazi, takwimu zako zitavimba.

Hatua ya 3: Barua na ngazi zake

Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Kila ofisi inakupa barua yake ya kukupeleka inayofuata. Tenga siku nne au tano, na toa kopi za kutosha. Ngazi ambayo wanafunzi huiruka ni ya mwisho, ya mwenyekiti wa kitongoji, na ndiyo inayofungua milango ya nyumba. Akitembea nawe asubuhi ya kwanza tu, habari inasambaa kwamba wewe ni mwanafunzi.

Jambo hili si la heshima tupu. Mgeni mwenye simu ya ramani anayeuliza habari za ardhi huku juu anaogopwa kwa sababu zinazoeleweka. Watu watadhani wewe ni dalali wa viwanja, au umetumwa na hifadhi, au unapima ili walipe kodi. Sema mapema, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hupimi kwa ajili ya hati, huna mradi, huleti msaada, na kwamba unaandika kwa ajili ya masomo. Usiahidi chochote. Taja pia kwamba majina hayataandikwa, kisha usiyaandike kweli: namba ya kaya inatosha. Tangu 2022 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi, lakini hata bila sheria, kwenye kitongoji cha nyumba 80 ukiandika "mjane mwenye kihamba karibu na kanisa" umeshamtaja.

Kama unafikiria kurusha droni, ina vibali vyake peke yake. Kwa utafiti wa wiki tatu naona ni mzigo.

Hatua ya 4: Tembea mteremko wote, kutoka juu kwenda chini

Hatua hii ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, nami ningekubali uache hojaji kuliko uache hii.

Mlima wetu una zawadi kwa mwanafunzi wa jiografia: safari fupi inakupitisha kwenye kanda ambazo kwingine ungezitafuta mikoa mitatu. Kutoka lango la Marangu, kama mita 1870 juu ya usawa wa bahari, ukishuka kwa Himo mpaka Kahe unafika karibu mita 700. Juu msituni mvua inazidi milimita 2000 kwa mwaka. Chini tambarare wanasubiri maji ya mfereji.

Tafuta mwenyeji anayeijua njia, ikiwezekana wawili, mzee na mama mkulima, kwa sababu wataonyesha vitu tofauti. Mzee atakuonyesha mipaka na mifereji. Mama atakuonyesha kuni zinatoka wapi, majani yanakatwa wapi, na ni kona ipi ya kihamba iliyo yake ya mboga. Anzeni juu asubuhi. Kila baada ya mita 50 za mwinuko, au kila mnapoona mazao yamebadilika, simama uandike: mwinuko, mteremko mkali au mpole, rangi ya udongo, mazao, miti, maji, na nani anatumia.

Mtakayokutana nayo, kwa mpangilio wa kushuka:

Kwanza mpaka wa msitu. Chini yake ulitengwa mwaka 1941 ukanda ambao watu bado wanauita nusu maili, ili wananchi wapate kuni na miti bila kuingia msitu wenyewe. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na masharti ya nani anaingia na kufanya nini yakabadilika. Hapa usiulize, "Wewe unakata kuni msituni?" Nani atakujibu? Uliza, "Watu wa hapa kuni wanapata wapi siku hizi, na zamani walikuwa wanapata wapi?"

Kisha vihamba. Kihamba ni makazi na bustani ya ukoo kwa pamoja: nyumba, banda, makaburi, na mimea iliyopangwa kwa ghorofa. Juu kabisa miringaringa, miruka na migrivea. Chini yake migomba, mshare ya mtori na aina nyingine. Chini ya migomba kahawa. Na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Mpaka wake ni mstari wa masale. Ukichora ramani ya mchoro, fuata masale, usifuate waya wala ukuta, maana ukuta umejengwa juzi na mwenye hela, masale yalipandwa na babu. Usiyang'oe wala kukata tawi lake ili ulipige picha vizuri. Sale ni mmea wa heshima, ndilo linalopelekwa mtu akiomba msamaha.

Katikati ya vihamba sikiliza maji. Mifereji ya asili, ambayo wenyewe huiita mifongo, inachepusha maji ya mto kutoka juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba. Kila mfereji una watu wake, zamu zake na siku ya kuusafisha. Ukiukuta mkavu, usiandike "umekufa" mpaka umeuliza: pengine ni zamu ya wengine leo.

Chini zaidi migomba inachoka, mahindi na maharage yanashika, halafu alizeti, na mwisho tambarare ambako utakuta mpunga wa umwagiliaji maeneo kama Chekereni na Mabogini, na miwa ya kiwanda cha TPC. Huku ndiko yaliko yale wanayoyaita mashamba. Kaya ya juu inaweza kuwa na ekari mbili huku chini, kilomita 15 kutoka kitandani kwao.

Hapo ndipo utaelewa swali la yule bibi.

Hatua ya 5: Chagua kaya bila kujipendelea

Mtendaji wa kijiji ana daftari la kaya. Omba idadi ya kila kitongoji. Fomula inayotumiwa na wanafunzi wengi ni ya Yamane: idadi ya kaya zote unaigawanya kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara kosa unalokubali likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Kijiji cha kaya 600, kosa la asilimia 10, kinakupa 600 gawanya kwa 7, yaani kaya 86. Ukitaka kosa la asilimia 5 inakuwa kaya 240, na peke yako kwa wiki tatu hutaziweza. Sema ukweli huo kwenye ripoti, msimamizi hatakuchinja.

Gawanya 600 kwa 86, unapata karibu 7. Andika namba 1 hadi 7 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja, anza na kaya hiyo, kisha kila ya saba. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni, kisha siku nyingine. Usihamie nyumba ya jirani kwa sababu jirani yupo. Wanaokuwepo nyumbani saa nne asubuhi ni aina moja ya watu: wazee, wagonjwa, na wenye watoto wadogo. Vijana wa bodaboda na wanaolima chini tambarare utawakosa wote, halafu uandike kwamba "wakulima wengi wa kijiji ni wazee".

Hatua ya 6: Hojaji inayozungumza kama watu wa pale

Tenganisha kihamba na shamba, kila kimoja kiwe na ukurasa wake: kiko wapi, mlikipataje, kina nini, nani anafanya kazi, maji yanatoka wapi. Ongeza ukurasa wa tatu wa ardhi ya kukodi, kwa sababu vijana wengi walioishiwa nafasi juu wanakodi huko chini na hawaihesabu kuwa "yetu".

Ukubwa usiulize kwa hekta. Watu wanajua ekari, nusu na robo, na wengi wanapima kwa hatua: 70 kwa 70 ndiyo ekari moja. Hesabu hiyo ni sahihi kuliko unavyodhani, kwani ekari ni mita za mraba 4047, sawa na mraba wa mita 63 na kitu kila upande, yaani hatua 70 za sentimita 90 hivi. Omba mtembee pamoja kwa hatua pale panapowezekana. Mavuno uliza kwa debe, gunia na mkungu, utabadilisha mwenyewe baadaye. Lakini uliza gunia ni la debe ngapi, maana lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, haijafa.

Miaka nayo usiulize kwa namba tupu. "Mwaka 1990 hapa palikuwaje?" ni swali la kumkosesha mtu usingizi. Uliza kwa matukio: kabla ya barabara ya lami, mwaka mtoto wako wa kwanza alipoanza darasa la kwanza, wakati wa kulipia ada kwa kahawa. Kisha wewe ndiye utafute mwaka.

Swali la urithi linahitaji utulivu. Kwa mila, kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, na kaka zake hukatiwa sehemu au hutafutiwa kwingine. Vizazi vitatu vya kukata vinaweza kuacha kihamba cha robo ekari chenye nyumba tatu. Uliza mchoro: "Wakati wa babu kiliishia wapi?" Watu huchora kwa kijiti ardhini, nawe unapiga picha mchoro ule ukiruhusiwa. Halafu zungumza na wanawake mbali na wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, lakini hutajua inavyofanya kazi kihambani kama umemhoji baba mwenye nyumba huku mama akileta chai na kuondoka.

Uingiapo, piga hodi ukiwa nje ya masale. Shikamoo kwa mzee, kwa bibi, kwa mama, jitambulishe umetoka kwa nani na umepelekwa na nani, kaa unapoonyeshwa. Ukiletewa mbege asubuhi na hunywi, pokea kwa mikono miwili, onja au eleza kwa upole. Wazee wengine watakujibu kwa Kichagga, na cha Machame si cha Rombo, kwa hiyo mkalimani awe wa tarafa ile ile. Mwambie atafsiri maneno yote, asikufupishie. Nilikuwa na kijana ambaye mzee aliongea dakika tano, yeye akasema, "Anasema hapana."

Jaribu hojaji kwa kaya tano za kijiji kingine kwanza. Swali lililomfanya mtu aulize "unamaanisha nini?" mara mbili, lifute. Kama unatumia KoboToolbox (programu ya kujaza hojaji) kwenye simu, pakua fomu ukiwa mjini, kwa sababu makorongoni mtandao unakatika, na bado beba daftari.

Hatua ya 7: Ramani na picha za setilaiti

Zifanye baada ya kutembea. Picha za Landsat zinapatikana bure kuanzia miaka ya 1970, za Sentinel-2 kuanzia 2015, na QGIS ni programu ya bure ya kuchora ramani. Mitego ni mitatu.

Wa kwanza ni mawingu. Upande wa kusini wa mlima hufunikwa muda mwingi. Anza kutafuta picha za Januari na Februari. Ukilinganisha miaka miwili, tumia mwezi ule ule, la sivyo utapima kiangazi na masika halafu uite "uharibifu wa mazingira".

Wa pili ni mkubwa zaidi: kutoka angani, kihamba kinafanana na msitu. Kompyuta inaona majani ya miringaringa, haioni kahawa iliyo chini. Tena kimraba kimoja cha picha za Landsat za tangu miaka ya 1980 kina mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, na kihamba cha robo ekari ni kama 1000. Kihamba chote, nyumba na banda ndani yake, ni nukta moja. Mtu aking'oa kahawa yote na kuacha miti, picha haitajua. Kwa hiyo ukiona ripoti inasema "msitu umeongezeka" maeneo ya vihamba, ulizia nani alitembea pale. Alama za GPS ulizochukua ukitembea mteremko ndizo zitakazoifundisha kompyuta kipi ni kipi. Chukua angalau 30 kwa kila aina ya matumizi, na chini ya migomba subiri simu itulie kabla ya kuhifadhi.

Wa tatu ni wa ramani za zamani za 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani. Zimechorwa kwa mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, kanda ya 37 Kusini, na simu yako inatumia WGS 84. Ukiziweka pamoja bila kubadilisha, vitu vinahama kama mita 300. Huku kwetu mita 300 ni kihamba cha ukoo mwingine.

Hatua ya 8: Jioni

Kila jioni, kabla ya kulala, soma hojaji za siku hiyo na ujaze palipobaki wazi ukiwa bado unakumbuka sura ya mtu. Andika kando mambo ambayo hukuyauliza. Hamisha picha na alama za GPS mahali pawili. Simu huibiwa, na hudondoka mferejini.

Hatua ya 9: Rudi na ramani

Ukimaliza rasimu, kabla ya kuipeleka kwa msimamizi, chapa ramani yako kwa karatasi kubwa, rudi kijijini siku ya mkutano, ibandike ukutani. Beba kalamu ya wino mwekundu umpe yeyote anayeitaka. Mimi nilirekebishiwa jina la mto, kitongoji kimoja kikahamishwa ng'ambo ya korongo, na mfereji niliouandika "haufanyi kazi" ukachorwa upya na mama mmoja aliyekuwa amemwagilia jana yake.

Rekebisha, chapa nakala nyingine bila majina ya watu wala mipaka ya kihamba cha mtu mmoja mmoja, mpe mtendaji igongwe muhuri wa kupokelewa, na upige picha muhuri huo. Msimamizi atauliza.